TV ya banda umiza na kapasita ambayo haikuvimba

TV ilikuja na historia yake. Ni LCD ya inchi 32, ya kizazi kile cha taa za mirija nyuma ya kioo, na mwenye nayo ni mama mmoja wa Mbagala anayeendesha banda umiza: mabati juu, mabenchi chini, filamu za kutafsiriwa tangu asubuhi na mpira jioni. Kwa siku inawaka kama saa 14. Mwezi wa nane, ligi ya Uingereza ilipokuwa inaanza, ilikataa kuwaka. Fundi wa jirani akaifungua, akakuta kapasita tatu (vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme) zimevimba vichwa, akazing'oa akaweka mpya, TV ikawaka. Ilipofika Januari ikaanza tena vituko.

"Fundi, hii nimeshailipia mara moja," alisema mama alipoiweka mezani kwangu. "Usije ukaniambia tena kapasita."

"Sijui bado, mama. Ngoja niifungue kwanza."

Akatoa kwenye pochi kimfuko cha nailoni kilichofungwa fundo. Ndani zilikuwamo zile kapasita tatu za zamani. Alizidai kwa fundi wa kwanza, kwa sababu kila kifaa kinachotolewa kwenye mali yake hukihifadhi mpaka aridhike. Laiti wateja wote wangekuwa hivyo. Kimfuko kile kilifupisha kazi kuliko mita yoyote niliyo nayo.

Dalili zenyewe zilikuwa hizi. Ukichomeka umeme, taa nyekundu ya standbai inawaka, inazima, inawaka tena, na ukisogeza sikio karibu na mgongo wa TV unasikia tik... tik... tik, kama mara moja kwa sekunde. Mama aliongeza jambo ambalo kwa fundi ni dhahabu: tatizo halikuanza kwa kishindo. Mwanzoni ilikuwa inagoma asubuhi tu. Unabonyeza remoti mara kadhaa, inajaribu, hatimaye inashika, na ikishashika inakwenda siku nzima bila tatizo. Wiki baada ya wiki kule kujaribu kukawa kurefu zaidi, mpaka siku moja ikagoma moja kwa moja.

Kifaa kinachokataa kikiwa baridi na kukubali kikipata moto kinakuelekeza kwenye kapasita za elektroliti kabla hujashika bisibisi. Ndani ya kile kikopo cha alumini kuna karatasi mbili nyembamba za alumini zimeviringishwa pamoja, katikati yake karatasi ya kawaida iliyolowa kimiminika kiitwacho elektroliti. Kimiminika hicho ndicho kinachopitisha umeme kuufikia ule utando wa oksidi unaofanya kazi ya kapasita. Kikipungua, ukinzani wa ndani unapanda, na ndio huo vipimo vinauita ESR. Joto hukifanya kipitishe umeme vizuri zaidi, ubaridi hukifanya kizito. Kapasita iliyokauka nusu inaweza kushindwa saa moja asubuhi na kufaulu saa nne, ikiwa ileile.

Nilifungua mgongo. Kabla ya kugusa chochote kwenye pawa saplai, yaani bodi inayogeuza umeme wa ukutani uwe wa kutumika na TV, kuna ile kapasita kubwa ya upande wa umeme wa ukutani, hapa ilikuwa ya maikrofaradi 100 (kipimo cha uwezo wake wa kuhifadhi umeme), volti 450. Umeme wetu wa volti 230 ukishapita kwenye dayodi unakuwa DC, umeme wa mwelekeo mmoja, wa volti 325 hivi, na kapasita hiyo inaweza kuushikilia hata baada ya kuchomoa plagi. Ni kama jouli 5, zinazotosha kukurusha kwenye kiti, na zikipita kifuani ni hatari ya kweli. Wako wanaoitoa umeme kwa kuipiga shoti na bisibisi. Inalia paa, bisibisi inatoboka ncha, na shoti hiyo inaweza kuua kifaa kingine kwenye bodi. Natumia rezista, kifaa kinachopunguza mkondo wa umeme, ya kiloomu 2.2, wati 5, iliyochomelewa waya mbili zenye gamba nene. Ndani ya sekunde mbili imekwisha, kisha napima kwa mita kuhakikisha. Kupima ndiko kunakokulinda, kwa sababu hata rezista hukatika.

Kazi ya fundi wa kwanza ilionekana waziwazi. Tatu mpya upande wa matokeo, yaani unakotokea umeme mdogo unaolisha TV, zimekaa vizuri, hakuna iliyogeuzwa chanya na hasi. Pedi moja ilikuwa imeng'oka kwenye bodi kwa kuzidishiwa moto, akaiunganisha kwa kipande cha waya. Si uchafu, alijitahidi. Vichwa vyote vilikuwa bapa. Kwa macho tu, bodi ile ilikuwa nzima, na hapo ndipo wengi wangeifunga na kusema tatizo liko kwenye bodi kuu, nunua nyingine.

Nilikwenda saluni ya jirani nikaazima draya. Kipimo hiki hakimo kwenye vitabu vingi lakini kinafanya kazi: unapuliza hewa ya moto sehemu moja ya bodi kwa dakika moja au mbili, kisha unawasha. Nilipopuliza upande wa matokeo, penye zile tatu mpya, tik tik ikaendelea, ila taa ikawa inakaa kidogo zaidi kabla ya kuzima. Nikaiacha ipoe, nikapuliza upande wa pili, karibu na bati la kupozea joto. Taa ikatulia. Nikabonyeza, TV ikawaka, sauti ikatoka, na mama aliyekuwa amekaa kwenye benchi akainuka akidhani kazi imekwisha.

Penye ile hewa ya moto palikuwa na kapasita moja ndogo, nyembamba kuliko kidole cha mtoto, maikrofaradi 47, volti 50. Ilikuwa imesimama katikati ya bati la transista kuu, ile swichi ya umeme ya pawa saplai, na rezista moja kubwa ambayo bodi imekuwa nyeusi chini yake. Kichwa chake kilikuwa bapa kabisa. Dalili pekee ilikuwa ngozi yake ya plastiki: ilikuwa imesinyaa ikapanda juu, ukingo wa alumini ukabaki wazi kama milimita mbili. Ukiona ngozi imesinyaa namna hiyo, ujue hapo kwa miaka mingi pamekuwa jiko.

Nikazing'oa zote nne na kuzipima moja moja nje ya bodi. Upimaji wa ndani ya bodi unadanganya, kwa sababu kapasita zilizounganishwa sambamba zinabebana, na mita inakusomea jumla ya ukoo mzima. Kipimo changu ni kile kidogo cha bei nafuu kinachosoma transista, rezista na kapasita, na kinaonyesha ESR. Ile ndogo ya maikrofaradi 47 ilisoma maikrofaradi 9, na ESR ya omu 11. Nzima ya saizi hiyo huwa chini ya omu moja. Zile tatu mpya, ambazo kila moja ni ya maikrofaradi 1000, zilisoma kati ya 850 na 900, jambo ambalo halishtui, lakini ESR yake ilikuwa karibu omu 0.4, na moja ilikuwa imepita omu moja. Kwa kapasita ya saizi hiyo kwenye pawa saplai ya aina hii tunatarajia kama omu 0.04. Kisha nikafungua kimfuko cha nailoni. Zile zilizovimba zilikuwa zimekufa kweli: maikrofaradi 200 na kitu, omu nne, omu tano.

Kwa hiyo yule fundi wa kwanza alikuwa sahihi kuzing'oa. Alichokosa ni viwili, na kila kimoja kina sababu yake.

Cha kwanza ni hiyo ndogo. Pawa saplai ya namna hii inaongozwa na aisi (IC, chipu ndogo), na aisi hiyo inahitaji umeme wake yenyewe ili ianze kazi. Mwanzoni inaupata kwa tone: rezista kubwa inashusha umeme kidogo sana kutoka kwenye zile volti 325 na kuijaza kapasita ndogo polepole. Chukua aisi maarufu ya UC3842 kwa mfano. Kapasita ikifika volti 16, aisi inaamka, inaanza kuipiga transista, yaani kuiwasha na kuizima kwa kasi, na kuanzia hapo inakula umeme mwingi kuliko ule wa tone. Inategemea akiba ya kapasita mpaka transfoma ianze kuilisha kwa njia yake. Akiba ikishuka hadi volti 10 kabla transfoma haijaanza kulisha, aisi inalala, kapasita inajazwa upya, na mchezo unarudi mwanzo. Tik, tik, tik.

Piga hesabu uone. Tuseme aisi inakula miliampea 15. Maikrofaradi 47 zikishuka volti 6, zinaibeba kwa milisekunde 19 hivi. Maikrofaradi 9 zinaibeba kwa milisekunde tatu na nusu. Hapo bado hujaongeza hasara ya ESR ya omu 11, ambayo inakula volti zake kila mara transista inapopigwa. Transfoma haikupewa muda. TV nzima, kioo, bodi kuu, spika, vyote vizima, vimezuiwa mlangoni na kapasita ya shilingi mia kadhaa.

Na kwa nini haikuvimba? Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo, kwa sababu naamini macho ya mafundi wa kizazi chetu yalifundishwa na janga moja. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000, kapasita nyingi zilizotengenezwa Taiwan ziliingia sokoni zikiwa na elektroliti yenye maji mengi isiyokuwa na viungo vya kutosha vya kuilinda alumini. Maji yakaila alumini, haidrojeni ikazaliwa ndani ya kikopo, kikopo kikavimba na kupasuka kwenye zile alama za msalaba kichwani. Bodi za kompyuta zilikufa kwa wingi. Kampuni ya Dell mwaka 2005 ilitenga dola milioni 300 za Marekani kugharimia matengenezo na ubadilishaji wa kompyuta zake za OptiPlex, na iMac G5 za Apple nazo zilikumbwa. Yeyote aliyeshika kompyuta za mtumba za miaka ile anazijua zile bodi: safu nzima ya kapasita kando ya prosesa, vichwa juu, mabaki ya kahawia yamekauka. Ulikuwa unatazama tu, unabadilisha, kompyuta inapona. Ikawa ndiyo elimu yenyewe.

Lakini ile ilikuwa kasoro ya kikemia, yenye gesi. Kapasita nzuri kabisa, ya kampuni nzuri kabisa, ikikaa kwenye joto inakufa kwa njia nyingine: elektroliti inatoroka kidogo kidogo kupitia kizibo cha mpira cha chini, mpaka karatasi inakauka. Hakuna gesi ya kusukuma kichwa. Inakufa ikiwa imesimama wima, bapa, safi. Na ndogo ndizo huwahi kukauka, kwa sababu tangu kiwandani zina elektroliti kidogo. Kwenye bodi moja unaweza kukuta vifo vya aina zote mbili, kama hapa, na fundi anayetafuta vichwa vilivyovimba ataona nusu tu ya marehemu.

Swali ambalo yeyote makini ataliuliza: kama ndogo ndiyo ilikuwa mbovu, kwa nini TV iliwaka mwezi wa nane baada ya kubadilishwa zile tatu tu? Kwa sababu udhaifu unajumlishwa. Zile tatu zilipokuwa zimekufa, mzigo wa kuanza ulikuwa mkubwa na aisi ilichelewa kupata ulishaji wake. Zilipobadilishwa, mzigo ukapungua, na ile ndogo, ambayo pengine wakati huo ilikuwa bado na maikrofaradi 20 au 25, ikaweza kuvuka. Miezi mitano baadaye ikawa haiwezi tena. Wakati huohuo zile tatu mpya nazo zilikuwa zinazeeka, na ndiyo maana draya upande ule ilisaidia kidogo.

Hilo linatuleta kwenye kosa la pili. Kapasita za zamani ndani ya kimfuko ziliandikwa nyuzi 105, yaani kiwango cha juu cha joto zinachostahimili, na namba ya toleo lake ni ya zile zenye ESR ndogo, zinazotengenezwa mahsusi kwa pawa saplai za kasi. Mbili kati ya zilizowekwa ziliandikwa nyuzi 85, za matumizi ya jumla, zile unazozikuta kwenye amplifaya na redio. Maikrofaradi ni zilezile, volti ni kubwa zaidi, na muuzaji yeyote wa dukani atakuambia zinafaa. Ya tatu iliandikwa 105 lakini ilikuwa nyepesi mno mkononi, na ndiyo iliyopita omu moja. Nikaikata. Ndani ya kikopo kilichojaa nafasi kulikuwa na kiviringisho kidogo kisichojaza hata nusu ya kikopo. Mafundi wengi wameshakutana nazo. Jina la kampuni kubwa juu, takataka ndani. Siku hizi nikinunua, naenda na kipimo mfukoni na kupima palepale kaunta. Muuzaji akikataa, naondoka.

Tofauti ya nyuzi 85 na 105 inaonekana ndogo mpaka uipigie hesabu. Kanuni inayotumika ni kwamba kila joto likishuka nyuzi 10, maisha ya kapasita ya aina hii yanakuwa maradufu. Ya nyuzi 105 yenye saa 2000, yaani maisha iliyoahidiwa kwenye joto lake la juu, ikifanya kazi kwenye nyuzi 85 inapata saa 8000. Kwa saa 14 kila siku, ni kama mwaka mmoja na nusu. Ya nyuzi 85 yenye saa 2000 hizohizo, ikikaa kwenye nyuzi 85, inapata saa 2000 tu: siku 140 na ushee. Agosti hadi Januari. Sisemi hesabu hii ni ya kulipia mahakamani, maana joto la ndani linapanda na kushuka, na ESR kubwa inaipasha kapasita moto wake wa ziada. Lakini nilipofunga waya wa kupimia joto kwenye bodi, mgongo ukiwa umefungwa, mezani kwangu, palifika nyuzi 78 karibu na bati. Chini ya mabati ya Mbagala saa nane mchana, na watu wamejaa, jumlisha mwenyewe.

Kuweka mpya hakuna mengi ya kusimulia. Tatu za maikrofaradi 1000, volti 16, nyuzi 105, ESR ndogo, kipenyo milimita 10 ili ziingie mahali pake. Za awali zilikuwa za volti 10, na kupanda hadi 16 hakuna ubaya mradi kimo kisigonge kifuniko. Moja ya maikrofaradi 47, volti 50, nyuzi 105, yenye saa 5000. Risasi ya kuchomelea ya kiwandani isiyo na madini ya risasi ndani yake haiyeyuki kirahisi, kwa hiyo naongezea kwanza risasi ya kawaida, zichanganyike, ndipo nanyonya kwa pampu. Ukilazimisha kwa moto peke yake unang'oa pedi kama mwenzangu. Kulikuwa pia na gundi ya kahawia iliyomwagwa kiwandani kuzishika kapasita. Gundi hiyo ikizeeka kwa joto inaweza kuanza kupitisha umeme na kula miguu ya vifaa, kwa hiyo niliikwangua yote na kusafisha kwa spiriti.

Ile kubwa ya volti 450 niliipima, ikasoma 96, ESR nzuri, nikaiacha. Zile za volti 24 za upande wa taa nazo nikaziacha. Wapo wanaoamini ukifungua bodi badilisha zote. Nchi ambazo unaagiza kapasita halisi na kuletewa mlangoni, sawa. Kwa soko letu, kapasita ya zamani ya kampuni ya kuaminika inayopima vizuri naiamini kuliko mpya nisiyojua ilikotoka. Kipimo changu ni joto: zote zinazokaa eneo moja la moto zinaondoka pamoja, zilizo kwenye ubaridi na kupima vizuri zinabaki.

Kuwasha mara ya kwanza ni kupitia balbu ya wati 100 iliyounganishwa mfululizo na waya wa umeme. Lazima iwe ya waya wa moto, za LED hazifai kwa kazi hii, na zile za zamani zimeanza kuwa adimu madukani, kwa hiyo ukizikuta nunua mbili. Balbu ikiwaka kidogo kisha ikafifia, hakuna shoti. Ikibaki inang'aa, chomoa. Ilififia. Laini ya standbai ilikaa kwenye volti 5.1, na kwenye osiloskopu ndogo, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme, mawimbi yaliyokuwa yamepanda karibu volti nzima kabla ya kazi yakashuka hadi milivolti 40. Nikaiacha usiku kucha ipoe, asubuhi nikabonyeza mara moja, ikawaka.

Mama alipokuja nilimpa kimfuko chake kikiwa kimeongezeka kapasita nne, ile iliyokatwa ikiwemo. Aliishika akaitazama ndani, akauliza, "Na hii ndiyo niliyouziwa mpya?" Nikamwambia fundi wake naye aliuziwa.

Nilimwomba mambo mawili. TV isibanwe ukutani, iachiwe sentimita kumi nyuma, na ile feni ndogo ya mezani aliyokuwa amejiwekea mwenyewe ielekezwe mgongoni mwa TV mchana. Nilipojaribu kwangu, feni ya namna hiyo ikielekezwa mgongoni ilishusha ile 78 hadi 61. Akacheka kwamba TV sasa inapata feni kuliko yeye. Jambo la tatu halikuwa ombi: mirija ya taa nyuma ya kioo imeshachoka, rangi zimeanza kuwa za manjano pembeni, na siku itakapozimika picha huku sauti ikiendelea, pesa ya matengenezo aiweke kwenye TV nyingine.

"Na kapasita zako?"

"Hizo zitakuwa bado nzima, mama. Niletee bodi, nitainunua."